Vijiwe vya figo: Kinywaji kipi chafaa na kipi chadhuru?

Maumivu ya kijiwe kilichokwama katika mrija wa mkojo humgaragaza mtu mzima sakafuni. Aliyeyaonja mara moja huwa na swali moja tu: anywe nini yasimrudie?

Chanzo kikuu ni mkojo mzito. Maji yanapopungua mwilini, kalsiamu na oksaleti hukolea katika mkojo, zikagandamana na kuwa chembechembe ambazo hukua polepole. Ndiyo maana msukuma mkokoteni atokwaye na jasho kutwa katika joto la Mombasa huhitaji maji mengi kuliko karani aliyeketi afisini Limuru.

Utafiti uliofanywa Parma, Italia, na kuchapishwa mwaka wa 1996 uliwafuatilia wagonjwa 199 kwa miaka 5. Miongoni mwa walioshauriwa kunywa maji hadi wapate angaa lita 2 za mkojo kwa siku, asilimia 12 walipata vijiwe tena; kwa wenzao ilikuwa asilimia 27. Siku hizi wataalamu wa Marekani hupendekeza lita 2.5. Izingatiwe kwamba kipimo ni mkojo utokao, wala si maji yaingiayo. Kwa hivyo zile bilauri nane zinazosifiwa hazimtoshi kila mtu. Mkojo uwe wa manjano hafifu, na bilauri moja inywewe kabla ya kulala kwa kuwa usiku ndipo mkojo hukolea zaidi.

Soda ni shauri jingine. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka wa 2013 ulibaini kuwa wanywao kola yenye sukari kila siku walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 23 kuliko waionjao kwa nadra. Wanywaji wa kahawa na chai walikuwa na nafuu. Chai ya rangi ina oksaleti, lakini maziwa huifunga tumboni kabla haijafika kwenye figo. Chai ya maziwa ya nyumbani, basi, haina lawama ila sukari ikizidi. Ndimu na limau zina sitrati, ambayo huizuia kalsiamu kugandamana.

Wapo wanaoisifu bia kuwa husafisha figo. Kweli huongeza mkojo, ila pia huongeza asidi ya yuriki, ambayo nayo huunda vijiwe vyake.

Wenye maradhi ya moyo au figo zilizodhoofika wasiongeze maji kabla ya kumwona daktari.