Waliokwenda Kutafuta Elimu ya Sinema

Kijana msomaji, huenda moyoni mwako una haja ya kutengeneza filamu, na kila uchao wajiuliza ni chuo gani cha ng'ambo kitakachokufunza kazi hiyo. Kuuliza si ujinga. Basi kabla hujafunga mizigo, na tuwatazame waliotutangulia katika njia hiyo.

Wa kwanza ni Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Dahomey, nchi ambayo tangu 1975 huitwa Benin. Huyu alihitimu katika chuo cha sinema cha IDHEC mjini Paris. Ufundi aliupata, lakini ruhusa hakuipata. Tangu 1934 amri ya serikali ya Ufaransa ilimlazimu kila aliyetaka kupiga picha za sinema katika makoloni yake ya Afrika aombe kibali kwanza. Vieyra na wenzake walipokosa kibali hicho, waliielekeza kamera kwenye maisha ya Waafrika waliokaa Paris. Na filamu yao, Afrique-sur-Seine, ikatoka 1955. Waona, basi, kwamba shahada peke yake haikumfungulia mlango mtu ambaye nchi yake ilitawaliwa na wengine.

Wa pili ni Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa 1923. Alikuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille, kisha akawa mwandishi wa vitabu. Lakini alitambua kwamba wengi wa watu wake hawakuweza kuvisoma vitabu hivyo vya Kifaransa. Kwa hiyo, akikaribia umri wa miaka arobaini, alikwenda Moscow, akajifunza muda wa mwaka mmoja hivi katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoy. Aliporejea hakutengeneza sinema za Kirusi. Borom Sarret, ya 1963, yaeleza siku moja ya mwendesha gari la farasi mjini Dakar, ambaye mwishowe anyang'anywa gari lake na polisi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1968 alitoa Mandabi katika lugha ya Kiwolof, ili hata asiyejua kusoma aielewe.

Wa tatu ni Haile Gerima wa Ethiopia. Alikwenda Marekani 1967, akasoma mambo ya tamthilia mjini Chicago, kisha sinema katika chuo kikuu cha UCLA. Alirudi kwao kupiga filamu ya wakulima na bwana wao mwenye shamba, iliyotoka 1976 katika Kiamhari. Lakini makao yake yakabaki Marekani. Ugeni nao una nguvu ya kumshika mtu.

Wala usidhani chuo ndicho njia pekee. Djibril Diop Mambéty wa Senegal hakusoma chuo chochote cha sinema, naye alitoa Touki Bouki mwaka 1973: kisa cha vijana wawili watamanio Paris, ambapo mmoja apanda meli na mwenziwe abaki.

Kwa hiyo upimapo vyuo, usitazame jina na ada tu. Uliza wafundisha kwa lugha gani, na kama mwanafunzi hushika kamera kwa mikono yake mwenyewe. Kisha jiulize lililo kubwa zaidi: elimu hii nitampelekea nani? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sembène alilijua jibu lake kabla hajaondoka. Ndiyo sababu mwaka mmoja ulimtosha.