Hatua Ndogo za Mtoto Mwenye Ulemavu wa Akili katika Historia ya Malezi Mkoani Singida

Historia ya ulemavu nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa kwa nyaraka: Sera ya Taifa ya mwaka 2004, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulioridhiwa mwaka 2009, kisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Malezi yenyewe hayakusubiri sheria. Kadi ya kliniki humpima mtoto kwa umri wake. Mama humpima kwa alivyokuwa jana. Mtoto wa miaka saba anapomega tonge la ugali wa uwele na kulifikisha kinywani bila kusaidiwa, kadi haina pa kuliandika tukio hilo, kwani mstari wake wa uzito hukomea miaka mitano. Nyumbani huenda bibi akapiga kigelegele, hata kuku akachinjwa, japo ni mmoja wa wachache waliowekwa kwa ajili ya kuuzwa. Kuku huyo ni ushahidi wa kihistoria: kaya imetumia mali yake kutangaza kwamba mtoto amepiga hatua. Mtafiti anayefungua majalada ya wilaya pekee hatakuta habari hizo. Yampasa amuulize mama ni lini mtoto alianza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, naye awe tayari kujibiwa kwa msimu badala ya mwaka: ilikuwa wakati wa kuvuna alizeti.