Lengo la Somo na Fikra za Mwanafunzi: Mizani ya Kuandikia Malengo katika Madarasa ya Kawangware na Kibera

Ikisiri

Makala hii yadai kwamba daraja ya fikra katika lengo la somo haitambuliwi kwa kitenzi kilichotumiwa kuliandika. Hutambuliwa kwa uhusiano ulioko baina ya swali atakaloulizwa mwanafunzi na yale aliyokwisha kuambiwa. Kwa mifano ya maji na nauli katika mitaa ya Kawangware na Kibera, yaonyesha jinsi mwalimu asiye na vitabu vingi awezavyo kuandika malengo yamtakayo mwanafunzi alinganishe, apime na ahukumu kwa dalili.

1. Ahadi ya mwalimu

Katika kila andalio la somo liandikwalo nchini Kenya, iwe ni katika shule ya serikali iliyo karibu na kituo cha 56 huko Kawangware au katika shule ndogo ya mabati iliyobanana na nyumba za Kibera, pana sentensi ambayo mwalimu huitanguliza mbele ya nyingine zote, nayo huanza kwa maneno yaliyozoeleka mno hata aghalabu hayazingatiwi tena: kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Sentensi hiyo ni ahadi. Kwayo mwalimu hujifunga, mbele ya mwanafunzi na mzazi na mkaguzi, kwamba kijana aliyeingia darasani asiweze jambo atatoka akiliweza; na maadamu ni ahadi, haimstahiki mtu kuiandika ila awe anajua ni kwa dalili gani itathibitika kuwa imetimizwa.

Taaluma ya kuandika malengo ina historia ipasayo kukumbukwa kwa muhtasari. Mwaka 1949 Ralph Tyler, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu kidogo kilichowataka watunzi wa mitaala waanze kwa kuuliza shule yakusudia kumfikisha wapi mwanafunzi. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenziwe wakayapanga malengo ya akili katika madaraja sita, kuanzia maarifa na ufahamu, kupitia utumizi na uchanganuzi, hata usanisi na tathmini. Mwaka 1962 Robert Mager akasisitiza kwamba lengo litaje tendo liwezalo kuonekana, masharti ya kulitenda, na kiwango cha kulikubali. Na mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl wakayapitia upya madaraja ya Bloom, wakayaita kwa majina ya vitendo, na kukiweka kitendo cha kubuni juu ya kile cha kutathmini. Lakini katika urithi huo mpana, fungu lililomfikia mwalimu wa kawaida limekuwa jepesi kuliko yote, nalo ni orodha ya vitenzi: hivi vya chini, hivi vya juu, chagua upendavyo.

Nchini Kenya jambo hili limepata uzito mpya. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliifunga elimu ya msingi kwa mtihani wa KCPE, ambao, ukiondoa insha, ulimtaka mtahiniwa ateue jibu moja kati ya manne. Na mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, ambao msingi wake uliwekwa mwaka 2017 na ambao uliingia katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, umetaja umilisi saba wa kimsingi, miongoni mwake ukiwamo ufikiriaji wa kina na utatuzi wa matatizo, na umeweka maswali dadisi katika kila mada ndogo. Azma ni njema. Linalosalia ni kuuliza kama sentensi ya mwalimu imebadilika kwa hakika, au limebadilika vazi lake tu.

2. Kitenzi hakitoshi kuwa dhamana

Tuwatazame walimu wawili. Wa kwanza ameandika kwamba mwanafunzi aweze kuchanganua sababu za uhaba wa maji mjini. Akaingia darasani, akaandika ubaoni sababu tano, wanafunzi wakazinakili, na Ijumaa akawauliza wazichanganue. Nao, kwa utiifu, wakazirudisha tano zile zile kwa mpangilio ule ule. Kitenzi ni cha juu, kazi ni ya kukumbuka. Wa pili ameandika kwa unyenyekevu kwamba mwanafunzi, akiisha kutazama daftari ya bei za maji za wiki mbili, aweze kutaja siku ambazo bei ilipanda na jambo lililoambatana na kupanda huko. Kutaja huhesabiwa kuwa kitenzi cha daraja ya chini kabisa. Walakini mtoto huyu amelazimika kutafuta, kulinganisha, na kutenga lililo sababu na lililosadifu tu.

Kutokana na mfano huu twapata kanuni ambayo ndiyo kiini cha makala hii: mwalimu apimapo daraja ya lengo lake, na ajiulize jibu liko wapi kabla swali halijaulizwa. Likiwa limo ubaoni, au katika daftari ya mwanafunzi, au katika ukurasa uliosomwa jana, lengo hilo ni la kumbukumbu hata likiandikwa kwa kitenzi cha fahari. Likiwa halipo popote, na mwanafunzi hana budi kuliunda kwa kutumia aliyofundishwa juu ya jambo asilofundishwa, hapo ndipo fikra za juu zinapoanza. Kwa hiyo lengo timilifu la namna hii lina nguzo tatu: maada mpya iwekwayo mbele ya mwanafunzi, kazi ya akili aitendayo juu ya maada hiyo, na mizani ya kulihukumia jibu lake. Ikikosekana ya kwanza, kufikiri hugeuka kukariri. Ikikosekana ya pili, mwanafunzi hubaki mtazamaji. Na ikikosekana ya tatu, kila jibu huwa sawa na jingine, na mwalimu hana la kumsahihisha mtu.

3. Maada iliyo mlangoni

Husemwa mara nyingi kwamba malengo ya aina hii ni anasa ya shule zenye maktaba na maabara. Mimi naona kinyume. Upungufu wa vitabu ni dhiki ya kweli, wala haifai kuipamba. Lakini maada mpya, iliyo nguzo ya kwanza, imejaa tele katika mitaa hii, na watoto wanaijua kwa mikono yao.

Tuchukue maji. Familia nyingi za Kawangware na Kibera hununua maji kwa mtungi wa lita 20, ama kwa kwenda kioskini ama kwa kuletewa na mchukuzi wa mkokoteni. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Basi tukikadiria, kwa ajili ya somo, kwamba mtungi ni shilingi 5 siku za kawaida na shilingi 20 siku za uhaba, maji yale yale yatagharimu shilingi 250 au shilingi 1,000. Mwalimu wa Hisabati aweza kuandika kwamba mwanafunzi aweze kuzidisha bei ya mtungi kwa idadi ya mitungi, na akaishia hapo. Lakini aweza pia kuandika hivi: akipewa bei ya kioskini, bei ya mchukuzi afikishaye mlangoni, na matumizi ya wiki ya familia ya watu watano, mwanafunzi aweze kuishauri familia hiyo njia ya kununua maji, akilitetea shauri lake kwa hesabu sahihi na kutaja angalau hasara moja ya njia aliyoichagua.

Sharti la mwisho ndilo lenye nguvu. Mtoto atakiwaye kutaja hasara ya chaguo lake mwenyewe hawezi kushikilia jibu moja kama kasuku. Hana budi kupima pande mbili. Tena hapana kitabu kiwezacho kumpa jibu, kwa kuwa mama atokaye alfajiri kwenda kufua nguo Lavington, ambaye saa moja ya foleni yaweza kumkosesha kibarua cha siku nzima, hana hesabu moja na mwenye duka akaaye karibu na bomba. Wanafunzi wawili waweza kutoa mashauri yanayohitilafiana, na wote wawili wakapata alama kamili, maadamu hesabu zao ni sahihi na hoja zao zina burhani.

Vivyo hivyo katika somo la Kiswahili. Badala ya kumtaka mwanafunzi aandike insha juu ya usafiri, ambayo aghalabu huwa mfululizo wa methali zilizokaririwa, mwalimu aweza kuandika kwamba mwanafunzi aweze kutunga hoja mbili zinazopingana juu ya kupandishwa nauli wakati wa mvua, moja ya makanga na moja ya abiria, kila moja ikiwa na sababu ambayo mwenyewe angeikubali kuwa ni yake. Hapo lugha, insafu na fikra hufundishwa kwa pamoja, na mwanafunzi hujizoeza kuieleza hoja ya asiyekubaliana naye kabla ya kuipinga.

4. Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba kumbukumbu ndiyo msingi, na asiyejua kitu hana la kufikiria. Ni kweli tupu. Katika vyuo vya Kurani na darsa za pwani yetu, kijana alihifadhi kwanza, na baada ya kuhifadhi ndipo alipoketi mbele ya sheikh kuulizwa maana na kusikiliza hitilafu za maulamaa. Hifadhi ilikuwa kizingiti cha kuvukwa, wala hapana aliyedhani kuwa kizingiti ndicho nyumba. Malengo ya kukumbuka yana haki yake katika andalio. Kosa ni kuyafanya ndiyo mwanzo na hatima.

La pili ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa la watoto 70 hawezi kusahihisha hoja 70 kila siku, na anayemdai hivyo amdhulumu. Lakini lengo moja la namna hii kwa wiki, likijibiwa kwa makundi ya watoto watano au sita, huleta majibu yasiyozidi 14. Na mizani ikiisha kuandikwa ubaoni kwa mistari miwili, makundi yaweza kuhakikiana yenyewe kabla ya mwalimu kutia neno lake.

La tatu ni mtihani. Hofu ya mzazi kwamba mwanawe ataanguka ni halali, kwani cheti ndicho njia aijuayo ya kumtoa mwanawe katika shida. Hata hivyo, tathmini za shuleni sasa zina sehemu katika kumpima mwanafunzi, na hata swali la kuteua jibu laweza kudai utumizi wa maarifa badala ya kuyarudia. Aliyezoea kupima mambo asiyoyaona kabla hataduwaa akutanapo na swali geni.

La nne ni lugha, nalo ni zito kuliko wanavyodhani walio maofisini. Tangu Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa Kawangware hubishana, hupatana bei na hutetea haki yake kwa Kiswahili na Sheng. Lengo limtakalo atoe hoja kwa lugha asiyoimudu hupima msamiati kabla ya kupima akili. Rai yangu ni kwamba mjadala uanze kwa lugha ambayo fikra zake zakwenda bila kujikwaa, kisha matokeo yake yaandikwe kwa lugha ya somo.

5. Hitimisho

Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha ayaonayo, na imani katika usawa wake mbele ya watu. Haja hiyo haijapungua, na katika mitaa ya Kibera na Kawangware yazidi, kwani huko maamuzi mengi juu ya barabara, maji, ardhi na nyumba hukatwa na watu wasiokaa huko, kisha wakazi huletewa wayapokee. Mtoto aliyelelewa kurudisha sababu tano za ubaoni atayapokea maamuzi hayo kama alivyozipokea sababu. Mtoto aliyezoezwa kuuliza gharama, kulinganisha njia, na kukiri hasara ya chaguo lake atauliza gharama ya kila shauri aletewalo, na atakuwa na la kujibu.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa shule na wakaguzi, wapitiapo maandalio ya walimu, wasiridhike kwa kuhesabu vitenzi. Na wamuulize mwalimu, kwa upole na kwa nia ya kumsaidia: jibu la lengo hili, mwanafunzi atalitoa wapi? Mwalimu akiweza kusema kwamba atalitoa katika akili yake mwenyewe, kwa kuyapima mambo aliyowekewa mbele yake, na kwamba pana mizani ya kumwonyesha alipopatia na alipokosea, basi sentensi ile imeandikwa kwa haki, na shule imetimiza ahadi yake.