Madeni mabaya na madeni yenye shaka katika hesabu za biashara

Mfanyabiashara wa Sumbawanga anayekopesha mbolea wakati wa kupanda hulipwa baada ya mahindi ya Ufipa kuvunwa na kuuzwa. Bei ikianguka, wako watakaoshindwa kulipa. Asipoonyesha hasara hiyo katika hesabu, atajiona ana faida ambayo imo daftarini tu.

Deni baya ni lile lisilotarajiwa kulipwa tena. Hufutwa katika akaunti ya mdaiwa na kuhesabiwa hasara. Deni lenye shaka halifutwi, bali hutengewa kiasi cha kukabili hasara inayoweza kutokea.

Kwa mfano, wadaiwa wote ni sh. 4,000,000, na deni baya ni sh. 400,000. Zinabaki sh. 3,600,000. Akitenga asilimia 5 kwa mara ya kwanza, yaani sh. 180,000, faida ya mwaka itapungua kwa sh. 580,000, na mizania itaonyesha wadaiwa wa sh. 3,420,000.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkopeshaji achukue kwanza hatua zote zinazofaa za kudai, ndipo deni baya lipunguzwe katika mapato yanayotozwa kodi. Hivyo barua za madai zihifadhiwe.