Ukame wa Manyoni na njaa ya Mtunya

Wadau, Singida ikitajwa wengi wetu tunawaza ukame. Ni kweli, mkoa uko uwanda wa kati, mbali na bahari. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Baada ya hapo ni vumbi na upepo.

Lakini Wagogo wa Manyoni, kama ndugu zao wa Dodoma, waliijua hali hiyo tangu zamani. Walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe. Mvua ikigoma, mifugo inabadilishwa kwa nafaka. Zizi ndiyo ilikuwa akiba yao.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani, kisha Waingereza, wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, akiba haikuwepo tena. Njaa ya 1917 hadi 1920, Wagogo waliyoiita Mtunya, iliua maelfu ya watu.

Kwa hiyo tukiambiwa njaa imeletwa na ukame, tuulize pia: akiba ilikwenda wapi, na nani aliichukua? Mnasemaje wadau?