Mnong'ono wa fosforasi kichwani

Mwaka 2024 ulipita kimya, bila keki wala hotuba. Ilitimia miaka 50 tangu George Radda, David Hoult na wenzao wa Oxford, Uingereza, watie msuli mbichi wa mguu wa panya ndani ya sumaku na kuona, bila kuusaga, ATP na fosfokreatini, zote zenye fosforasi: nishati ya mwili na akiba yake. Kadiri muda ulivyokwenda, akiba ile ilizidi kupungua.

Ya MRI ya kawaida, ile ya kupiga picha za mwili kwa sumaku, yanajulikana: Lauterbur na Mansfield waliopata Nobel ya 2003, na Damadian aliyeachwa nje, akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika kuwa amedhulumiwa. Lakini picha zile ni za haidrojeni, hasa ya maji, ambayo imejaa tele kichwani. Fosforasi ya nishati ni kidogo mno. Kuisikia ni kama kusikia mnong'ono katikati ya soko. Mwaka 1980 Oxford wakapata ujanja: kitanzi cha waya kinacholazwa juu ya ngozi, karibu kabisa na kinachopimwa. Mnong'ono ukasikika, hata kutoka ubongo wa panya hai.

Ikafuata zamu ya watoto.

Mwaka 1983 na 1984, Osmund Reynolds na wenzake wa University College London walichapisha vipimo vya ubongo wa vichanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Siku ya kwanza nishati ilikuwa sawasawa. Ungeweza kumpa mama pongezi. Siku zilizofuata, ingawa mtoto anapata hewa na damu inazunguka, fosfokreatini ikaporomoka. Kumbe kati ya ajali na maangamizi palikuwa na saa kadhaa, na hakuna aliyekuwa akizitumia!

Kutoka hapo wazo la kumpoza mtoto ili kuokoa ubongo wake katika saa hizo likapata nguvu: aanze ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, afikishwe nyuzi 33 hadi 34 za Selsiasi, akae hivyo saa 72. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilijaribu kwa chupa za maji ya bomba. Matokeo yakachapishwa 2008. Jaribio kubwa la kupoza vichanga la India, Bangladesh na Sri Lanka, lililotangazwa 2021, lilikuta vifo vimeongezeka badala ya kupungua.

Na mnong'ono wenyewe? Siku hizi husikika vizuri zaidi, kwani kuna sumaku zenye nguvu ya tesla 7 na zaidi. Mashine nyingi za hospitali, hata hivyo, bado husikiliza haidrojeni peke yake. Anayenunua MRI leo na amuulize muuzaji: inapima fosforasi?