Mark II au Mark III? Kamera iliyowagawa wapiga picha

Mwaka 2005 Canon ilitoa EOS 5D, kamera ya megapikseli 12.8. Mwaka 2008 ikaja Mark II: megapikseli 21.1, halafu juu yake video ya Full HD. Hapo kuhama kulikuwa rahisi. Mpiga picha alipata picha na video kwenye mashine moja, na mwaka 2010 sehemu ya mwisho ya msimu wa 6 wa House, ile tamthilia ya Marekani, ikarekodiwa kwa kamera hiyo hiyo.

Kasheshe ikaja 2012. Mark III ilitoka kwa dola 3,499, bila lenzi. Megapikseli? 22.3 tu! Aliyeangalia namba hiyo peke yake aliona ni wizi mtupu.

Ila wa harusi alikuwa na hesabu nyingine. Mark II ilikuwa na pointi 9 za fokasi, Mark III ina 61. Bibi harusi akiingia ukumbini anacheza, tena taa zimezimwa nusu, hapo utaona tofauti. Kubwa kuliko yote: Mark II inachukua kadi moja, Mark III mbili. Kadi moja ikifa, picha ziko kwenye nyingine. Picha za studio zinarudiwa, harusi hairudiwi.

Wa studio mwenye taa zake alikuwa na haki ya kubaki na Mark II, hela akanunulia lenzi. Kwa hiyo mdau, kabla hujauza ya zamani, cheki kwanza inakukwamisha wapi. Kama haikukwamishi, tulia nayo.